Usiku wa Pembeni Berlin: Jinsi ya Kupata Kumbi Ndogo na Watu Mnaopatana Damu

Miezi minne ya kwanza niliyoishi Berlin nilitoka karibu kila Jumamosi, nikacheza mpaka nyayo zikawaka moto, kisha nikarudi chumbani peke yangu vile vile nilivyoondoka. Muziki nilikuwa nao tele. Nilichokosa ni mtu wa kumgeukia na kumuuliza "umeisikia ile?", naye akajua naizungumzia ipi.

Nilikuja kusomea uuguzi. Nimekulia Mbagala, ambako singeli ilikuwa ikipigwa kwenye vigodoro mpaka adhana ya alfajiri, na masikio yangu yalikomaa na kasi ile. Watanzania na Wakenya niliowakuta hapa walinipokea vizuri mno. Nilialikwa ubwabwa, nikaalikwa arobaini za watoto, nikacheza bongo fleva kwenye harusi. Hao ni ndugu zangu na sijawaacha. Ila siku niliyowawekea Sisso, mtayarishaji wa singeli wa Dar es Salaam, na baada yake wale vijana wa Nairobi waitwao Duma wanaopiga kelele za gitaa na mashine, wote walinyamaza kwa adabu wakasubiri iishe. Nikaelewa kwamba kuna sehemu ya nafsi yangu ambayo itabidi niitafutie majirani wake.

Tangu Kenya na Ujerumani zitiliane saini mkataba wa ajira Septemba 2024, vijana wengi wananiuliza maswali kuhusu mji huu. Wengi huuliza kodi na lugha. Wachache, kwa sauti ya chini kidogo, huuliza la usiku, hasa usiku wa pembeni, yaani wa muziki usiosikika sana redioni. Haya ndiyo majibu yangu kwao, kwa urefu wake. Na jambo ninaloliamini kuliko yote nalitanguliza: watu wako utawapata kwenye ukumbi mdogo, siku ya Jumanne, mara ya tatu unaporudi. Jumamosi kwenye ukumbi mkubwa utapata muziki mzuri tu.

Hatua ya 1: Kipe jina unachokipenda

"Napenda muziki tofauti" haitakufikisha popote hapa, kwa sababu Berlin kila tofauti ina chumba chake. Kaa na kalamu uandike wasanii kumi unaowasikiliza ukiwa peke yako. Kisha tafuta kila mmoja wao amepiga wapi Berlin miaka ya karibuni. Ukumbi unaojirudia mara mbili au tatu kwenye orodha yako ndio wa kuanza nao. Mimi niliandika singeli, noizi (muziki wa kelele), panki na jazi isiyofuata noti, na mwanzoni orodha ikanipeleka mitaa mitatu tu: Kreuzberg, Friedrichshain na Neukölln. Mji una watu zaidi ya milioni tatu na nusu. Usiku wangu mimi wa mwanzo ulienea kwenye vituo sita vya treni.

Andika pia usichokitaka. Mimi sinywi pombe, na nilidhani hilo litanifungia milango. Halikufunga hata mmoja. Sheria ya Ujerumani inataka kila baa iwe na kinywaji kimoja angalau kisicho na kilevi ambacho hakizidi bei ya pombe ya chini kabisa, na kumbi za pembeni zimejaa watu walioshika chupa ya Club-Mate, soda ya majani yenye kafeini inayokukeshesha kuliko bia. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma bango

Hapa nataka tukae kidogo, maana mgeni hupotezwa na maneno manne matano yaliyoandikwa chini ya bango kwa herufi ndogo.

*Einlass* ni saa milango inapofunguliwa. *Beginn* ni saa bendi inapopanda. Usichanganye. Kwenye klabu za kucheza, ukifika saa inapofunguliwa utakuta wahudumu wanapanga glasi; watu huingia saa saba au saa nane za usiku, na wengine huja Jumapili mchana baada ya kulala na kunywa chai. Kwenye kumbi za tamasha zilizo chini ya nyumba za watu mambo ni kinyume kabisa: saa nne usiku sheria ya utulivu huanza, kwa hiyo bendi hupanda mapema na hushuka mapema. Nilikosa tamasha zima mwezi wangu wa pili kwa kufika kwa mwendo wa Kiswahili, nikakuta mpiga ngoma anafunga mizigo.

*VVK* ni tiketi ya kununua kabla, *AK* ni ya mlangoni. *Ermäßigt* ni bei ya punguzo kwa wanafunzi na walioko kwenye mafunzo ya kazi, kwa hiyo mkiwa wauguzi wanafunzi kama nilivyokuwa, tembeeni na kitambulisho cha chuo. *Gegen Spende* maana yake hakuna bei, unatoa mchango. Usipite na sarafu moja. Mimi hutoa euro tano mpaka kumi, na mwezi ukiwa mbaya hutoa mbili na kukaa kuosha vyombo.

*Soli* ni neno utakaloliona kila mahali. Ni usiku wa kuchangia jambo fulani: wakili wa mtu anayekabiliwa na kufukuzwa nchini, mafuta ya meli ya uokoaji baharini, kodi ya ukumbi wenyewe. Sisi tunaijua kama harambee, isipokuwa hapa hakuna anayesomewa jina na kiasi alichotoa.

Na *Küfa*. Ni kifupi cha Küche für alle, jiko la wote. Wazee wa panki bado huliita Vokü. Kikundi kinapika chungu kikubwa, aghalabu chakula bila nyama, na kila anayeingia anakula kwa mchango. Ukisahau mengine yote, neno hili usilisahau. Nitalirudia huko chini.

Hatua ya 3: Ratiba

Ratiba tatu za mtandaoni zinatosha. Stressfaktor inakusanya matamasha ya panki, Küfa, usiku wa soli na mijadala kwenye kumbi za kisiasa na nyumba zilizowahi kuvamiwa, yaani majengo matupu ambayo watu waliingia kuishi bila idhini ya mwenyewe. Resident Advisor ni ya klabu za tekno na muziki wa elektroniki. Echtzeitmusik ni ya wale wanaopenda wapigaji wanaobuni papo hapo mbele yako. Kama wewe ni mpenzi wa jinsia moja na nyumbani ulizoea kujificha, chukua pia Siegessäule, jarida la bure linalokaa kwenye baa na mikahawa. Usiku mwingi wa pembeni Berlin ulijengwa na watu kama wewe, na ndani yake hutajificha.

Baada ya hapo tembea kwa miguu. Duka la santuri la Coretex pale Oranienstraße lina watu wanaojua bendi gani inapiga wiki hii kuliko simu yako.

Kabla ya kutoka, hakikisha ukumbi bado upo. Kodi za pango za Berlin zimeua kumbi nyingi. Watergate, klabu iliyokuwa ukingoni mwa mto Spree, ilifungwa mwisho wa 2024, na bado nakutana na wageni wenye orodha za zamani wanaoiulizia.

Hatua ya 4: Kumbi zenyewe, na kwa nini ziko hivyo

Kwa nini Berlin haina saa ya kufunga? Mwaka 1949 mwenye hoteli mmoja wa hapa, Heinz Zellermayer, alimwendea kamanda wa Marekani akamshawishi aondoe amri ya kufunga baa, na inasimuliwa alikwenda na chupa ya wiski. Amri ikaondoka Berlin Magharibi na haijarudi, isipokuwa kwa muda mfupi wakati wa korona mwaka 2020. Kisha Ukuta ukaanguka Novemba 1989, na upande wa mashariki yakabaki majengo matupu ambayo hakuna aliyejua mwenyewe ni nani: viwanda, mabohari, vyumba vya hazina. Vijana wakaingia na spika. Tresor ilifunguliwa 1991 ndani ya chumba cha kuhifadhia fedha cha duka kubwa la zamani, na tangu 2007 iko kwenye jengo la mtambo wa umeme pale Köpenicker Straße. Berghain nayo, ya tangu 2004, ni mtambo wa umeme uliozimwa. Machi 2024 tume ya UNESCO ya Ujerumani iliingiza tekno ya Berlin kwenye orodha ya urithi wa nchi.

Hizo mbili nenda, uzione, masikio yako yatakushukuru. Ila usizitegemee kwa urafiki.

SO36 ni shule nzuri ya mwanzo. Jina lake ni namba ya zamani ya posta ya upande huu wa Kreuzberg. Tangu 1978 imepita humo kila aina ya panki, na leo wiki moja utakuta hardcore, panki kali zaidi, wiki nyingine usiku wa Gayhane, ambapo Waturuki na Waarabu wapenzi wa jinsia moja wanacheza nyimbo za mama zao. Nilipoingia usiku ule mara ya kwanza, nikasikia zumari na ngoma zinazofanana na za taarabu ya kwetu, nilisimama ukutani nikalia kidogo. Sioni aibu kulisema.

Köpi iko Köpenicker Straße pia. Ni nyumba iliyovamiwa Februari 1990 na haijawahi kutulia tangu hapo. Ndani kuna kumbi zaidi ya moja, kuta zimechorwa mpaka dari, na bei ni za chini kuliko popote. Usipige picha. Nasema tena, usipige picha, hata ya ukuta. Watu wanaishi pale na wana kesi.

Supamolly, Friedrichshain, na Schokoladen pale Ackerstraße, ni za bendi ndogo. Ndani unasimama mita mbili kutoka kwa mwimbaji, na baada ya onyesho yeye mwenyewe ndiye anayekuuzia fulana. Hapo mazungumzo huanza yenyewe. Kwa muziki wa kubuni papo hapo kuna ausland kule Prenzlauer Berg na Sowieso kule Neukölln. Hadhira ni ndogo kiasi kwamba mara ya pili watakutambua.

Na YAAM, karibu na kituo cha Ostbahnhof, ukingoni mwa mto. Ilianza 1994 kama soko la sanaa la vijana wa Kiafrika. Kuna mchanga, kuna wali na samaki, kuna reggae na afrobiti. Kwa mtu aliyefika juzi na bado ana baridi ya roho, pale ndipo pa kupumulia wakati wa kiangazi. Siyo noizi, lakini si kila siku masikio yanataka kupigwa.

Hatua ya 5: Mlangoni

Kumbi ndogo hazina tatizo: unatoa mchango, unapigwa muhuri mkononi, unaingia. Tatizo liko klabu kubwa, ambako baunsa hukutazama sekunde tatu akaamua.

Nendeni wawili au watatu, siyo sita. Simu iwe mfukoni mkiwa kwenye foleni. Mjue nani anapiga usiku huo, kwa sababu swali hilo huulizwa kweli. Salamu ya Kijerumani, hata mbovu, inasaidia. Nguo nyeusi za kawaida zinatosha. Aliyevaa kama anakwenda send-off hurudishwa mara nyingi. Ndani watakubandikia stika kwenye kamera ya simu. Iache hapo mpaka utoke.

Sasa lile zito. Nimerudishwa mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa wengi na kelele nyingi, haki yao. Mara ya pili nilikuwa na rafiki mmoja, kimya, tiketi mkononi, na tukaambiwa "leo hapana". Waliokuwa mbele yetu, vijana wawili weusi, nao waliambiwa hivyo hivyo. Waliokuwa nyuma yetu, kundi la watu weupe waliolewa, waliingia wakicheka. Nilitembea mpaka mtoni nikiwa natetemeka kwa hasira, na wala haikuwa baridi.

Likikukuta, fanya haya usiku ule ule kabla hujalala: andika saa, maneno aliyoyasema, alivyoonekana baunsa, na omba namba za walioshuhudia. Ujerumani ina sheria ya usawa ya 2006, iitwayo kwa kifupi AGG, inayokataza kumnyima mtu huduma kwa sababu ya rangi au asili yake, na disko limo. Dai lazima ulipeleke ndani ya miezi miwili. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya Stuttgart iliamuru disko moja limlipe euro 900 kijana aliyekataliwa kwa sababu ya rangi yake. Ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle, hutoa ushauri bila malipo. Mimi sikudai, muda ulinipita kwa kutojua. Ndiyo maana nakuandikia.

Hatua ya 6: Mfukoni na mwilini

Pesa taslimu, maana kumbi nyingi hazipokei kadi. Vizibo vya masikio, vinauzwa duka la dawa kwa bei ndogo, na muuguzi anakuomba uvivae: mlio wa masikioni usioisha hauna dawa. Kadi yako ya ukazi. Sarafu za kuhifadhia koti, na chini ya koti nguo nyepesi, kwani nje ni nyuzi sifuri na ndani ni kama jikoni kwa mama lishe saa sita mchana. Kula kabla ya kutoka.

Hatua ya 7: Rudi mara tatu, kisha shika sufuria

Jumanne moja ya Februari nilitoka zamu ya asubuhi nikiwa na njaa na huzuni. Niliona kwenye Stressfaktor Küfa iliyokuwa mtaa wa pili. Nikaenda kula tu. Mchuzi wa dengu, mkate, watu kumi na tano, redio ndogo inacheza kitu cha ajabu. Sikuongea na mtu. Jumanne iliyofuata nikarudi. Aliyepakua chakula akasema "ah, wewe tena". Ya tatu niliuliza kama wanahitaji mtu wa kukata vitunguu.

Tangu siku ile sijawahi kuwa mpweke mjini hapa.

Nimelifikiria sana kwa nini iwe hivyo. Wajerumani wengi hawaanzi mazungumzo na mgeni asiye na sababu ya kuwapo pale, na wanaona hiyo ni heshima: wanakuachia nafasi yako. Sisi tunaona ni ubaridi. Lakini ukishika kisu na kitunguu una sababu ya kuwapo, na maneno yanakuja: chumvi iko wapi, wewe unatoka wapi, hii ni bendi gani. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Hapa ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba hakuna atakayekupa. Jembe unaliomba mwenyewe.

Kwa hiyo chagua ukumbi mmoja, mmoja tu, na siku moja ya wiki. Nenda mara tatu mfululizo hata kama ya kwanza ilikuchosha. Ya tatu omba kazi. Kumbi za vikundi huendeshwa na watu wa kujitolea na daima zina upungufu wa mikono: kukaa mlangoni kupiga mihuri, kuuza vinywaji kaunta, kubeba spika, kufagia. Zamu ya mlangoni ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye Kijerumani kidogo. Sentensi zake ni nne, utazisema mara mia kwa usiku, na kila aliyeingia atakuwa ameuona uso wako.

Mambo ya kuzoea. Kila mtu ni *du*, hata mzee wa miaka sabini mwenye nywele za kijani. Mimi niliyelelewa na shikamoo nilichukua mwaka mzima kuacha kuinama kidogo ninapomsalimu. Miadi ni miadi: mtu akikwambia tuonane Alhamisi ya wiki ijayo saa moja, ameiandika, na saa moja na dakika tano ataanza kuwa na wasiwasi. Usiseme "njoo kwangu siku moja" kama salamu ya kuagana, atakuuliza siku gani. Kila mtu hulipa chake, na hilo halina ubahili ndani yake. Siku yako ya kuzaliwa ni wewe unayeleta keki. Na mkigonganisha chupa, mtazame mwenzako machoni. Ukitazama chupa wanasikitika kweli.

Urafiki utachukua muda. Yule wa "ah, wewe tena" nilimjua miezi saba kabla hajanialika kwake. Alipoumwa nilimpeleka supu, na nilipohama alikuja na gari na ndugu yake, wakapandisha kabati langu ghorofa ya nne bila kuulizwa. Hiyo ndiyo lugha yao.

Waliotutangulia

Siku ukijisikia kwamba mji huu haujawahi kumwona mtu kama wewe, panda treni ya U6 mpaka Afrikanische Straße, mtaa wa Wedding. Utapita Sansibarstraße, Tangastraße na Ugandastraße, majina ya ukoloni yaliyobandikwa kama lebo kwenye mizigo. Lakini utafika pia Maji-Maji-Allee. Mpaka Agosti 2024 barabara ile ilikuwa sehemu ya Petersallee, jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wanayemkumbuka kule Kilimanjaro kwa kamba za kunyongea. Watu weusi wa Berlin walidai kwa miaka mingi mpaka likashuka.

Kiswahili kimekuwa hapa muda mrefu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja 1900 kukifundisha na akafia Berlin 1927. Na anayehusu usiku hasa ni Bayume Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam 1904, akawa askari akiwa mtoto, akafika Berlin 1929 kudai mishahara ya baba yake na yake mwenyewe ambayo jeshi la Wajerumani halikuilipa. Hakulipwa. Akafanya kazi ya uhudumu Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, akacheza filamu, akafundisha Kiswahili chuoni. Manazi walimkamata 1941, na akafa kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake barabarani, Brunnenstraße 193. Lipo umbali wa kutembea kutoka Schokoladen. Nikienda tamasha pale hupita kwanza kwake nikalifuta kwa kitambaa.

Wedding hiyo hiyo kuna maktaba ya Each One Teach One, yenye vitabu vya waandishi weusi na vikao vya vijana, na kuna SAVVY Contemporary, nyumba ya sanaa iliyoanzishwa 2009 na Bonaventure Ndikung wa Kamerun. Usiku wa SAVVY nimekutana na Wakongo wanaopenda noizi na Mganda anayekusanya kaseti. Kumbe tulikuwapo, ila hatukuwa tukionana kwenye ubwabwa.

Hatua ya 8: Kurudi salama

Ijumaa na Jumamosi treni za U-Bahn hukesha, takriban kila robo saa. Siku nyingine kuna mabasi yenye herufi N. Ambulensi ni 112, polisi 110. Kinywaji chako kikae mkononi. Kikikuponyoka macho, nunua kingine. Kumbi nyingi zina watu wa zamu wanaokaa kwa ajili ya anayesumbuliwa, hata kama ni kwa maneno tu. Dada, kuna sehemu ambazo ukiuliza kaunta "Ist Luisa hier?" watakutoa kimya kimya na kukuitia teksi.

Polisi wana maeneo maalumu ambako wanaruhusiwa kumsimamisha mtu bila sababu, na Kottbusser Tor, Görlitzer Park na Warschauer Brücke yamo. Sisi husimamishwa zaidi. Toa kadi, jibu kwa kifupi, uliza kwa adabu sababu ni ipi. Dawa za kulevya utaziona wazi wazi kama pipi, na utaambiwa ni kawaida. Bangi kidogo imeruhusiwa kwa watu wazima tangu Aprili 2024. Nyingine zote ni kosa la jinai, na wewe una kibali cha ukazi cha kupoteza ambacho anayekupa hana.

Mama mzazi nilimweleza mwishowe. Nilimpigia simu ya video nikiwa jikoni Küfa, sufuria mbele, akaona watu wenye pete puani wanamenya viazi. Aliuliza kama tunatia nazi.

Hatua ya 9: Andaa usiku wako

Baada ya mwaka mmoja nilitaka singeli ipigwe kwenye chumba kile cha Küfa. Utaratibu uko hivi. Unaandika barua fupi kwa kikundi: usiku gani, muziki gani, nani anapiga, fedha zinakwenda wapi. Wanaijadili kwenye *Plenum*, mkutano wao, na wewe uende, usitume barua ukalala. Wataamua kwa kukubaliana wote, kwa hiyo mmoja akiwa na shaka mtazungumza mpaka aridhike. Yangu ilichukua mikutano miwili kwa sababu jirani wa juu ana mtoto. Tulikubaliana tumalize saa nne kamili. Uliza mapema nani anasajili usiku kwa GEMA, chama cha haki za watunzi, maana bili yake huja hata kama waliokuja ni kumi. Panga watu wa mlango, kaunta na usafi kabla ya kuchapa bango.

Kwenye bango niliandika singeli, Dar es Salaam, na mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Walikuja kama sitini. Ndugu zangu wa ubwabwa walikuja saba, wakiwa wamevaa vizuri mno, na yule dada mkubwa wao akaingia jikoni moja kwa moja akaonja maharage akasema yamekosa nazi. Akayatia. Kufika saa tatu usiku watu wa panki walikuwa wanamfuata yeye kucheza.

Kesho yake saa tano asubuhi tulirudi kusafisha. Usiache kurudi, watu hapa hukumbuka nani alikuja na ufagio. Tulikusanya chupa tupu, senti nane kila moja ya bia na kumi na tano za Mate, tukazipeleka dukani kwa mikokoteni miwili, na fedha ikaingia kwenye kopo la dengu za Jumanne.